Mama mdogo aliacha nazi, sukari ikabaki

Ushauri wa lishe ukikufikia, uwe umetoka redioni, kwenye bango au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, tazama kwanza kile ambacho haukukitaja. Ushauri mwingi wa chakula hauna uongo ndani yake. Unakutajia adui mmoja, unamnyamazia mwingine, nawe ukishapigana na yule uliyetajiwa unajiona umemaliza kazi.

Nimeliona hilo hapa Tanga, kwa mama yangu mdogo. Aliambiwa uzito umezidi, presha iko juu, apunguze mafuta. Mtu wa Tanga akiambiwa mafuta, kinachomjia kichwani ni nazi. Akaacha wali wa nazi, akaacha tui kwenye samaki na kwenye mchicha, akawa anakula changu wa kuchemsha na ndimu kama aliyelazwa wodini. Chai haikuguswa: asubuhi, alasiri na usiku, vijiko vitatu vya kulundika, na soda kila akija mgeni. Na kwake wageni hawakatiki. Nilipomgusia, akanijibu, "Sukari haina mafuta, mwanangu."

Ni kweli haina. Lakini maneno hayo yana wazazi wao, na kuna karatasi zinazoonyesha walikuwa wanafanya nini miaka ya 1960.

Mwaka 1965, Sugar Research Foundation, taasisi ya wenye sukari wa Marekani, iliwalipa wanasayansi wa Harvard dola 6,500 waandike mapitio ya tafiti kuhusu sukari, mafuta na ugonjwa wa moyo. Kwa thamani ya 2016 ni kama dola 50,000. Mapitio yalitoka 1967 katika New England Journal of Medicine, na fedha hizo hazikutajwa. Zilikuja kujulikana na wengi mwaka 2016, baada ya Cristin Kearns, daktari wa meno aliyegeuka mtafiti, na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kuzichambua barua za zamani za taasisi ile.

Kinachonivutia mimi ni namna kazi ilivyofanywa, maana namna hiyo bado inatumika. Hakuna aliyeandika kwamba sukari ni dawa. Tafiti zilizoishitaki sukari zilikaguliwa kwa jicho kali, moja baada ya nyingine, kila moja ikapatikana na kasoro. Zilizoyashitaki mafuta zilipita kwa ulaini. Mlipaji ndiye aliyeweka lengo la kazi, alichangia makala za kupitiwa, na rasimu alizisoma kabla hazijachapishwa. Hitimisho likawa kwamba kuukinga moyo kunahitaji kupunguza mafuta na kolesteroli. Msomaji asiyejua nani kalipa angeona hapo sayansi safi kabisa.

Niseme na la upande wa pili. Mwaka 2018 wanahistoria wawili waliandika katika jarida la Science kwamba tusiifanye habari hii kuwa njama kubwa: enzi hizo viwanda vya kila aina vililipia utafiti, vya maziwa vikiwemo, na wasomi wengi waliyashuku mafuta bila kuhongwa na mtu. Nakubaliana nao kwa sehemu. Tui lina mafuta mengi yaliyoshiba, yaani aina ambayo madaktari wanatuonya nayo mpaka leo, kwa hiyo simwambii mtu arudi kuogelea kwenye nazi. Ila hoja yao hainiondolei swali la kwa nini fedha zifichwe.

Na kuna ule utafiti wa panya wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, ulioanza 1968 kwa fedha za taasisi ile ile. Matokeo ya awali yalipoanza kuielekea sukari vibaya, fedha zikakatwa na kazi haikuchapishwa. Huo hata ungeutafuta maktaba usingeupata.

Siku hizi mbinu ni ya mazoezi. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilionyesha kuwa mtandao mmoja wa wanasayansi, Global Energy Balance Network, uliokuwa ukisisitiza kwamba watu wananenepa kwa kukosa mazoezi kuliko kwa kula, ulipewa dola milioni 1.5 na Coca-Cola. Kabla mwaka haujaisha, ukavunjwa. Mazoezi ni mazuri, nami nakimbia barabara ya Raskazone alfajiri. Lakini soda moja ya mililita 350 ina gramu 37 hivi za sukari, kama vijiko tisa vya chai vilivyosawazishwa, na kuiunguza kunahitaji zaidi ya nusu saa ya kutembea kwa kasi. Ukiona mbio za afya zinaishia kwenye meza ya soda za bure, hesabu mwenyewe nani kafaidika.

Kwa hiyo ukisoma "utafiti umegundua", shuka mpaka chini kabisa, pale wanapoandika nani kafadhili. Mapitio yaliyochapishwa 2013 katika PLOS Medicine yalikuta kwamba, kati ya mapitio yaliyotangulia, yale yaliyokuwa na uhusiano wa kifedha na viwanda yalikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kusema vinywaji vyenye sukari havihusiani na unene. Fedha ya kiwanda si ushahidi wa uongo. Ni sababu ya kutafuta maoni ya pili.

Nyumbani mimi natumia kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha 2015: sukari isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ya pili ni gramu 25, vijiko sita. Wanahesabu pia asali (samahani kwa wanaoiita dawa), juisi ya matunda na ya miwa, hata ikikamuliwa mbele yako na tangawizi. Tunda zima halihesabiwi. Chungwa la Muheza limenye ule. Ukikamua manne kwenye glasi, hiyo ni hesabu nyingine. Kwenye paketi, soma gramu za sukari kwa kila mililita 100 kisha zidisha kwa idadi ya mililita 100 zilizomo kwenye chupa, kwa sababu neno "halina mafuta" lililoandikwa kwa herufi kubwa halikusaidii kitu hapo.

Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, na bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, nyumba nyingi za Ngamiani, hapa hapa Tanga, zilipunguza vijiko bila semina yoyote. Ulimi unazoea. Punguza nusu kijiko, kaa nacho wiki mbili, kisha punguza tena. Anayetumia dawa za kisukari amwone kwanza daktari wake. Na anza kabla ya Ramadhani. Ukingoja mezani pawe na kaimati, tende na juisi ya ukwaju, utajichosha bure.