Shahidi wa siku ya mwisho aliniharibia riwaya

Riwaya yangu ya kwanza ya mahakamani niliiandika hapa Mtwara mjini, na niliipenda kupita kiasi. Kijana wa Newala kashtakiwa kumuua karani wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijijini. Wakili wake anahangaika kurasa mia mbili. Siku ya mwisho mlango unafunguka, anaingia mwanamke asiyejulikana: "Usiku ule alikuwa kwangu!" Jaji anagonga nyundo, kijana yuko huru.

Rafiki yangu mmoja, wakili, aliusoma mswada akaurudisha na swali moja la penseli pembeni: "Taarifa ilitolewa lini?"

Sikuelewa, ikabidi anikalishe. Kwa sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai, mshtakiwa atakayejitetea kuwa alikuwa mahali pengine anatakiwa aitaarifu mahakama na upande wa Jamhuri, yaani waendesha mashtaka, kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Akichelewa, basi angalau atoe maelezo kabla Jamhuri haijafunga ushahidi wake. Akizuka na utetezi huo baada ya hapo, mahakama inaweza isiupe uzito wowote. Yule mwanamke wangu angelia weee, jaji angeandika, kesi ikaendelea.

Nilinuna siku tatu. Ya nne nikagundua nimepewa hadithi bure. Kama kuna siku ya mwisho ya kusema, basi fumbo si nani kaua peke yake. Fumbo ni kwa nini huyu mtu hasemi na siku zinakwisha. Mwanamke nikamfuta. Sasa wakili, tena wa kupangiwa na mahakama, anamfuata mteja wake mahabusu (kesi ya mauaji haina dhamana) na kila akimuuliza alikuwa wapi, kijana anatazama ukuta.

Jibu nililipata shambani. Jirani anatoa ushahidi kwamba alimwona kijana akitoka kwake saa kumi usiku, mwezi wa saba. Msomaji wa Dar es Salaam atamshuku papo hapo. Wa Tandahimba hatashtuka: huo ndio wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, upepo umetulia na majani ya mkorosho yana umande, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, usije ukala maua. Basi si aseme tu alikuwa anapuliza? Hawezi. Salfa ile alinunua kwa mlango wa nyuma kutoka kwa karani huyo huyo aliyekufa, na walikuwa wanadaiana. Akijitetea anajitia kitanzi. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kwa hiyo wewe unayeandika wakili na mteja wake, kwanza chora kalenda ya kesi, ndipo uandike sura. Kukamatwa, maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi baada ya kuonywa (polisi wana muda wa saa nne kumhoji tangu akamatwe, mpaka waongezewe, na hapo pana sura nzima), kesi kuhamishiwa Mahakama Kuu, kusikilizwa. Kila hatua ina mlango unaofungwa.

Mengine ni madogo. Sisi hatuna watu kumi na wawili wa kuamua kama kwenye sinema za Marekani. Anaamua jaji, na wazee wa baraza, raia wa kumshauri, tangu 2022 si lazima wakae naye. Ile nyundo nayo iache hukohuko. Shahidi akidai alimtambua mtu kwa mbalamwezi, wakili wako aulize umbali, muda, na ukali wa mwanga. Mahakama ya Rufani imekuwa ikiyataka hayo tangu 1980. Na nenda ukaketi mahakamani hata asubuhi moja. Utashangaa muda mwingi unavyokwenda kwa kuahirisha.

Rafiki yangu kausoma mswada wa pili wiki iliyopita. Salfa ni unga wa njano, ina harufu, inaganda kwenye nguo. Safari hii penseli imeandika: "Shati alilokamatwa nalo liko wapi?"

Shati sikuwa nimelifikiria kabisa. Nimerudi sura ya pili.