Anaweza kurudi, mtazame Rick Ankiel
Ndugu, umeuliza kama mchezaji wa besiboli akishaporomoka anaweza kurudi. Anaweza, ila pengine si mahali pale pale. Rick Ankiel alikuwa mrushaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira, wa St. Louis Cardinals, timu ya ligi kuu ya Marekani. Oktoba 2000, akiwa na miaka 21, kwenye mechi ya mtoano dhidi ya Atlanta, mkono ulimgomea ghafla: katika kipindi kimoja tu alirusha ovyo mipira 5 ikampita mdakaji wake, mwenzake wa kuidaka nyuma ya mpigaji. Mwili haukuwa na jeraha, lakini usahihi ule haukurudi tena.

Mwaka 2005 akaacha kurusha, akaenda ligi za chini kujifunza kupiga na kulinda uwanja wa nje, ile sehemu ya mbali na mpigaji. Hapo ndipo namheshimu zaidi, maana nyota kukubali kuwa mwanafunzi si jambo dogo. Agosti 2007 alirejea ligi kuu, na usiku huo huo akapiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, pigo bora kabisa la besiboli. Mei 2008 kule Colorado alirusha mara mbili kutoka katikati ya uwanja wa nje hadi kituo cha tatu kati ya vile ambavyo wapinzani huvizunguka kupata pointi, na wakimbiaji wao wote wawili wakatolewa kwa kuwa mpira ulifika kabla yao. Mkono ule ule!

Baadaye alihamahama timu kadhaa, na mechi zake za mwisho ligi kuu zilikuwa 2013.