Kata kiwanja cha tenki kwanza: kwa anayeanza kupanga maji ya makazi mapya Mwanza

Siku utakayopewa mradi wako wa kwanza wa kupeleka maji kwenye makazi mapya, iwe Buswelu, Kishiri, Nyamhongolo au kule Usagara, utakabidhiwa mchoro wa mipango miji uliopakwa rangi vizuri. Viwanja vya makazi rangi yake, vya biashara rangi yake, shule, soko, zahanati, msikiti na kanisa. Utatamani kuanza kuchora mabomba papo hapo, ukifuata barabara. Mdogo wangu, usichore hata mstari mmoja. Uliza kwanza mistari ya kontua, ile inayoonyesha kimo cha ardhi, iko wapi. Kama haipo, mchoro huo haujawa tayari kwa kazi yako, na mpima ardhi inabidi apande tena mlimani na vifaa vyake.

Nasema hivi kwa sababu mji wetu ni wa mawe na vilima. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na watu wetu wanajenga kuanzia ufukweni mpaka kwenye vichwa vya majabali. Maji yote ya bomba tunayokunywa yanatoka huko chini. Yanachotwa ziwani, yanatibiwa, mengi kwenye mtambo wa Capri Point au ule mpya wa Butimba, kisha yanasukumwa na pampu kupanda mlima. Kupandisha mita moja ya ujazo kwa kimo cha mita 100 hula karibu nusu yuniti ya umeme ukihesabu na upotevu wa pampu yenyewe. Ukikosea kimo, kosa hilo litalipiwa bili ya umeme kila mwezi kwa miaka mingi.

Nilikosea hivyo nikiwa na miaka mitatu tu kazini.

Ulikuwa mradi wa mtu binafsi aliyenunua mteremko mzima na kuukata viwanja. Kiwanja cha chini kabisa kilikuwa kwenye kimo cha mita 1,160, cha juu kabisa mita 1,230. Juu yake kulikuwa na kilele kizuri chenye uwazi wa kutosha tenki na njia ya gari. Nilipofika, kilele kile kilikuwa kimeshauzwa, kwa sababu ndicho kiwanja kilichoona ziwa lote na ndicho kilichopata bei kubwa. Nikakubali kuweka tenki kwenye bega la mlima, sakafu yake ikiwa mita 8 tu juu ya nyumba ya mwisho. Nilijiambia maji yatashuka tu. Kisha, ili gharama zipungue, nikaandika mabomba ya plastiki ya daraja la PN 6, yaani yanayohimili presha ya baa 6, mtaa mzima.

Miezi michache baada ya watu kuhamia nikaitwa. Nilipanda alfajiri na kipimo cha presha mfukoni. Mama wa nyumba ya juu alinisalimia kwa Kisukuma, «Mwangaluka», akanionyesha koki ya uani. Ndoo zilikuwa zimepangwa mstari, sita, na ya saba ilikuwa chini ya koki. Nilifunga kipimo saa moja kasoro asubuhi, muda ambao mtaa mzima unaoga na kupika chai. Mshale haukunyanyuka kwenye sifuri. Yule mama hakugomba. Aliniambia tu kwamba maji huja saa nane usiku, na binti yake wa darasa la sita ndiye anayeamka kuyakinga, kwa sababu yeye mwenyewe hurudi sokoni amechoka.

Usiku ule nikaenda nyumba ya chini kabisa. Saa nane kipimo kilisoma karibu baa 7.8. Hesabu yake ni nyepesi: kila mita 10 za kimo ni kama baa moja, na kutoka kwenye tenki mpaka pale palikuwa na mita 78. Usiku watu wakilala maji hayatembei, kwa hiyo hakuna msuguano wa kupunguza presha, na uzito wote unakaa kwenye bomba la chini. Bomba langu lilikuwa la baa 6. Mtaa ule wa chini ulikuwa umepasuka mara nne, na kila lilipopasuka maji ya mama wa juu yalimwagika barabarani. Mchana msuguano na matumizi ya walio chini vilikula zile mita 8 zote kabla maji hayajafika kwake. Nyumba za juu zilikosa maji na za chini zilipasukiwa mabomba kwa sababu ileile: eneo la tenki.

Tangu hapo ninapopewa mradi, kazi ya kwanza ni kutafuta kimo cha nyumba ya juu kabisa, kuongeza mita 20 au zaidi, na kutafuta ardhi yenye kimo hicho. Ikipatikana, naomba ikatwe kama kiwanja cha huduma, iwekwe bikoni na iandikwe kwenye mchoro kabla viwanja vingine havijapigwa namba. Baada ya kuuzwa, hakuna barua itakayokirudisha. Njia ya bomba kuu nayo ipate hifadhi yake, pamoja na eneo la pampu na barabara ya kufikia tenki, maana lori la saruji halipiti kwenye kichochoro. Kama kimo hakipatikani ndani ya eneo lenu, zungumzeni na majirani wa mlima wa pili mapema, au mjenge tenki la mnara, ambalo ni ghali zaidi lakini linajulikana gharama yake tangu mwanzo.

Na mteremko ukiwa mrefu, ugawe kanda. Mimi sipendi kanda moja ipite tofauti ya mita 50 hivi kati ya nyumba ya juu na ya chini. Kanda ya chini ilishwe kwa tenki lake dogo la kuvunja msukumo, au vali ya kupunguza presha ambayo mnajua nani ataitunza. Kwenye miji yetu nimeona matenki yakidumu kuliko vali, kwa sababu fundi wa mtaa anaelewa kuelea kwa boya kuliko spiringi iliyofichwa. Huu ni mtazamo wangu, na wapo wenzangu wanaopendelea vali.

Sasa hesabu ya mahitaji. Hapa vijana wengi huzidisha idadi ya viwanja kwa watu 5 na kuendelea. Nendeni mkatazame mtaa uliojengwa miaka 10 iliyopita. Kiwanja kimoja kina nyumba kubwa, mabanda ya uani yenye wapangaji, na fremu mbili za duka barabarani. Chukua viwanja 600. Kwa watu 5, kila mmoja lita 100 kwa siku, unapata mita za ujazo 300. Kwa watu 8 unapata 480. Juu yake weka maji yatakayopotea njiani: ukikadiria moja ya tano ya maji yanayotoka kwenye tenki, basi ili 480 zifike lazima utoe 600. Kisha kuna siku ya joto la Septemba na Oktoba, ambapo kila mtu anafua na kumwagilia. Ongeza walau tano kwa mia, mimi huweka ishirini, na unafika 720. Wastani wake ni mita za ujazo 30 kwa saa, lakini saa ya asubuhi hunywa mara mbili ya hapo au zaidi. Bomba linapimwa kwa saa ile ya asubuhi, pampu inapimwa kwa siku nzima, na tenki ndilo linalopatanisha hizo mbili. Theluthi mpaka nusu ya matumizi ya siku ni ukubwa wa tenki wa kuanzia, na kama umeme wa eneo lenu hukatika mara kwa mara, nenda upande wa nusu.

Lakini msijenge vyote siku ya kwanza. Mtaa mpya haujai kwa mwaka mmoja. Watu hununua kiwanja, huweka msingi, husubiri mkopo au mavuno. Tenki kubwa lenye wateja 40 ni dimbwi: maji yanakaa siku nyingi, klorini inaisha, na mteja anapata maji yenye harufu. Kata eneo la matenki mawili, jenga moja. Bomba ndilo la kuweka la ukubwa wa mwisho, kwa sababu likishafukiwa chini ya barabara hutapata mtu wa kukulipia kulifukua.

Mtaniuliza, kama wanavyouliza wenye miradi wote: ziwa lile pale, kwa nini tusichote wenyewe? Kwanza, kuona ziwa hakufanyi maji yake kuwa ya kunywa. Maji ya pembeni mwa Ghuba ya Mwanza hubeba mwani, gugumaji, tope la mvua na kila kinachoshuka kutoka kwetu milimani, na mtambo wa kuyatibu unahitaji wataalamu kila siku, si siku ya uzinduzi tu. Pili, ni lazima kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kwa mujibu wa sheria ya rasilimali za maji ya 2009, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Tatu, ziwa lenyewe linapanda na kushuka. Mwaka 2020 lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa kwa miongo mingi, na vilivyojengwa karibu mno na maji vikazama. Visima navyo, kwenye miamba yetu ya granite, hutegemea nyufa. Vingine hutoa vizuri, vingine hukauka kiangazi. Kwa mtaa wa mjini anza na MWAUWASA, mamlaka ya maji ya jiji la Mwanza, nenda kabla ya kuchora, uliza bomba lao kuu lililo karibu lina presha gani asubuhi na usiku, na uombe wakuandikie. Kama eneo lenu liko nje ya mipaka yao, waulizeni RUWASA, wakala wa maji vijijini.

Kuchimba nako kuna somo lake. Mpige mtaimbo ardhini kila mita 20 kwenye njia yote ya bomba, muandike umezama kiasi gani. Kazi hiyo ni ya siku mbili, watu watatu na daftari, na ndiyo itakayokuambia makadirio yako ni ya kweli au la. Nimeona mtaro wa mita 300 ukila fedha za kilomita mbili kwa sababu jabali lilianza sentimita 30 chini ya majani. Wapasua mawe wetu wanajua kuwasha moto juu ya mwamba mpaka uachie, lakini kazi hiyo ni ya polepole na inataka bei yake ya peke yake kwenye mkataba. Pale ambapo mwamba hauchimbiki, tumia bomba la chuma lililofungwa kwa vitalu vya zege. Plastiki ikilala wazi juani na juu ya mawe makali itakulipa kwa kuvuja. Hata ndani ya mtaro, mtandikie udongo uliochekechwa chini na juu. Vali za kutoa hewa kwenye vilele na za kutoa tope mabondeni mnazijua kutoka chuoni, ziwekeni.

Kuna jambo naomba mlibebe kwa uzito kuliko yote niliyotaja isipokuwa kile kiwanja cha tenki. Maji mnayopeleka nyumbani karibu yote yatatoka tena yakiwa machafu. Siku mtaa unapoacha ndoo na kupata bomba, matumizi yanapanda mara kadhaa, na vyoo vya kuvuta vinaongezeka. Kwenye ardhi yenye mwamba shimo halichimbiki kwa kina, na halinyonyi. Maji ya nyumba ya juu huibukia kwenye ukuta wa nyumba ya chini. Nimesimama kwenye uwanja ambapo watoto walikuwa wakiruka kijito cha maji ya kijivu, na baba mwenye nyumba akaniambia hakuwa nacho kabla sijaleta bomba. Kijito kile kinashuka mpaka ziwani, ambako ndiko tunakochota. Kwenye baadhi ya milima ya mjini hapa wameweka mabomba membamba ya majitaka yanayopita kati ya nyumba, na mfumo huo unawezekana ukipangwa pamoja na viwanja. Ukija baadaye, unapita chini ya sebule za watu. Kwa hiyo mchoro wa majisafi na wa majitaka vitoke mkononi mwako siku moja.

Weka mita kubwa ya kupima maji pale yanapotoka tenkini, na nyingine kila kanda inapoanzia. Mwezi mmoja baada ya kufungua maji, nenda uisome saa nane usiku na saa tisa usiku. Mtaa ukiwa umelala, karibu kila kinachopita pale ni uvujaji au koki iliyoachwa kujaza simtanki. Gawa kanda kwa kufunga vali moja baada ya nyingine, utajua mtaa gani unavuja kabla tope halijatokea juu.

Na zile vali, mdogo wangu, zichoreni zilipo kweli, si zilipokusudiwa. Siku ya kukabidhi tembea na fundi aliyezifunga, pima kila moja kutoka kwenye kona mbili za ukuta au nguzo mbili za umeme, andika, kisha paka rangi ya bluu kwenye ukuta ulio karibu na uandike umbali. Fanya hivyo wiki hiyohiyo, kwa sababu greda la barabara likipita na kumwaga kifusi, vifuniko vyote vitakuwa chini yake.