Paka kwenye basi dogo hadi Kolwezi

Dada, unauliza kama mnaweza kwenda na paka wenu kwenye basi dogo, mlale humo siku tano, kutoka Lubumbashi kupitia Likasi hadi Kolwezi. Mnaweza, ila anza maandalizi leo.

Mtafutie kikapu chenye mfuniko unaofungika. Kiweke sebuleni kwanza, ndani yake kitenge chako cha zamani ambacho hujakifua, alale humo kwa hiari. Halafu mzungushe mjini dakika kumi, kesho yake ishirini. Siku ya safari usimlishe kwa muda wa saa tatu au nne kabla ya kuondoka, maana wengi hutapika, maji mpe. Likasi ni kama kilomita 120, hapo mpumzike.

Hatari kubwa ni mlango. Wa kwangu alichomoka tuliposimama kununua mkaa, tukamwita hadi giza likaingia. Akarudi mwenyewe saa sita usiku, kwa harufu ya ndakala, yaani dagaa, nadhani. Tangu hapo hakuna anayefungua mlango kabla paka hajafungiwa kikapuni, na shingoni ana mkanda wenye namba ya simu.

Mwezi wa kumi huku jua ni kali mno: usimwache garini hata dakika tano. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate mapema. Na akiugua njiani, tafadhali, usimpe parasetamoli, inaua paka.

Choo? Beseni na mchanga, basi.