Kulala siku mbili si kupona

SWALI: Daktari, mdogo wangu ana miaka 24, anavuta methi, ile dawa ya kulevya, mwaka wa pili sasa. Tulimpeleka kwa mtaalamu wa mitishamba, akampa dawa ya kusafisha damu, shilingi 180,000. Alilala siku mbili mfululizo, akaamka akala vizuri, tukamshukuru Mungu. Wiki ya tatu karudia. Tuongeze dozi, au tumpeleke akaanze methadoni? (Dada yake, Tanga)

JIBU: Dada yangu, dozi usiongeze. Methadoni nayo si yake. Ile ni ya watumiaji wa heroini, inatuliza arosto, yale maumivu ya kuikosa. Methi haipiti njia hiyo, na mpaka leo hakuna kidonge kilichoidhinishwa kutibu uraibu wake.

Ila kinachonichosha ni huo usingizi. Kila wiki nausimuliwa kama muujiza! Methi humwaga dopamini, kemikali ya raha, kichwani, mtu akakesha siku tatu bila njaa. Ikikatika, mwili unadai chake: analala fofofo, akiamka anakomba sufuria. Hata mngempa maji ya bomba angelala vilevile. Mganga kapokea sifa ya usingizi. Na damu hujisafisha yenyewe, methi hutoka mwilini ndani ya siku chache. Ugonjwa uko kwenye ubongo, na ubongo hutaka miezi, pengine zaidi ya mwaka.

Baada ya usingizi huja wiki ambazo hakuna kinachomfurahisha, hata mpira hataki. Nyinyi mmeshapumua, yeye ndiyo kwanza anazama. Wengi hurudia hapo, na wengine huwaza kujiua. Mpeleke hospitali ya Bombo hapo Tanga, kitengo cha afya ya akili, apate ushauri nasaha wa kuendelea. Kumtunza kizawadi kila mkojo unapopimwa ukawa safi husaidia kuliko watu wanavyodhani. Akianza kuona wadudu chini ya ngozi, au kudai mnataka kumuua, hiyo ni dharura, mkimbizeni hospitali. Msimfunge kamba.

Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methi, Dar es Salaam na Iringa. Panapoingia mzigo kama huo, wauza chupa za dawa kama ya mganga wenu hawako mbali. Juzi familia moja iliniletea ya kwao. Lebo ya mkono: uraibu, kisukari, nguvu za kiume, vijiko viwili kutwa mara tatu. Chini kulikuwa na unga mweupe haujayeyuka. Nikawauliza ni wa nini. Wakasema mtaalamu amewakataza kuuliza.