Kabla ya kubishania kikokotoo, hesabu miezi yako

Kwenye kijiwe cha kahawa hapa Moshi, ukitaja kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya mstaafu, umewasha moto. Kila mtu ana lake kuhusu ile asilimia 33 ya mwaka 2022, sehemu ya mafao unayopewa kwa mkupuo, na nyongeza iliyotangazwa 2024. Sawa, wana haki ya kubishana. Mimi siku hizi nawauliza kitu kimoja tu: michango yako imefika miezi mingapi? Wengi wanatazama vikombe vyao.

Hili lilinifika kwa baba. Alifanya kazi kampuni binafsi, jina naliacha, miaka 15, na kila mwezi akikatwa. Alipofika miaka 57 akasema miguu imechoka, anastaafu kwa hiari arudi Kibosho kwenye migomba yake. Sheria inaruhusu kuanzia 55. Tukapanda hiace mpaka ofisi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mzee kavaa koti la kanisani. Dada wa dirishani akabonyeza-bonyeza, akatugeuzia kioo cha kompyuta.

"Baba, iliyoingia hapa ni miezi 168."

Pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180. Ukipungukiwa unapewa mkupuo, pesa zako mara moja, mkaagana. Na mkupuo kwetu uchagani tunaujua: bati, ada, msiba mmoja mkubwa, kwisha.

Miezi 12 iliyokosekana ni ya mwaka ambao kampuni iliyumba. Pesa zilikuwa zinakatwa kwenye mshahara, ila kwenye mfuko hazikufika. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya hiyo. Inayobaki ni ya mwajiri, na yeye ndiye wa kuipeleka yote. Baba miaka yote aliamini kukatwa ndiko kuchangia.

Tukaambiwa tulete hati za mshahara. Mama akashika mdomo. Nyingi alishawashia jiko.

Tulipekua dari, tukakung'uta masanduku, mpaka Biblia ya bibi. Zikapatikana tisa, mbili zimeliwa na mende pembeni. Kufuatilia kulichukua karibu mwaka, mwajiri akabanwa, ile tisa ikaingia.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeajiriwa, angalia michango yako kwenye simu leo, usingoje mvi. Kila hati ya mshahara ipige picha siku hiyohiyo. Tazama na majina: kama kitambulisho cha NIDA kinasema Aloyce na mfuko unasema Aloisi, rekebisha ukiwa bado na nguvu za kupanga foleni. Ukikuta pengo, najua utaogopa kumuuliza bosi. Hata mimi ningeogopa. Usiende peke yako. Pengo likiwa lako, mara nyingi ni la wenzako pia, na watu kumi hawafukuzwi kirahisi kama mmoja. Jirani yetu alienda peke yake, mkataba wake haukuongezwa.

Waliojiajiri wana habari yao ndefu, nitaiandika siku nyingine.

Baba ilimbaki miezi mitatu. Akaomba kazi ya ulinzi getini, maeneo ya Soweto hapahapa Moshi, zamu ya usiku, na sharti lake la kwanza lilikuwa kuandikishiwa michango. Nikawa nampelekea chai kwenye chupa. Kila mwisho wa mwezi alirudi na hati yake, akaiweka kwenye kopo la biskuti, kopo akalilaza chini ya mto. Mama haruhusiwi kuligusa mpaka leo.