Jibu: Waume waliokosekana kwenye dodoso la kaya

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba katika utafiti wako wa afya ya wanaume na ustawi wa familia huko Igombe, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, waume wengi hawakuhojiwa ilhali wake zao walihojiwa, na unauliza kama uziondoe kaya hizo. Usiziondoe. Kwanza kagua tarehe za ziara zako ukizilinganisha na mwezi angani, kwa sababu wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapong'aa; mimi nilipoteza wiki mbili za mahojiano kabla mama mmoja muuza dagaa hajanieleza jambo hilo.

Kisha, kwa majibu ya wake, linganisha umri na kazi za waume waliopatikana na za waliokosekana. Wakitofautiana, wape uzito zaidi waliopatikana wanaofanana na waliokosekana, yaani majibu yao yahesabiwe zaidi katika uchambuzi, la sivyo utawasahau wale ambao kutokuwepo kwao ndiko kunakoigusa familia.

Vilevile, usimhesabu mume na mkewe kama watu wasiohusiana, kwa sababu wanaoishi pamoja hufanana; wachambue kama kundi moja. Kwa mfano, jaribio la tiba ya magonjwa ya zinaa mkoani Mwanza, lililochapishwa mwaka 1995, lililinganisha jamii 12 katika jozi 6, si mtu mmoja mmoja. Dodoso lako sijaliona. Tuwekee hapa maswali waliyoulizwa wake.